Bia ya Siku ya Tano

Nyaketcho,

Usidhani nakuandikia kwa sababu hasira zimeniisha. Bado ninazo. Nimekaa nazo hapa mezani tangu umalize kunywa chai, ukaosha kikombe chako peke yake, ukakiacha changu. Nimekiona. Umekwenda Mulanda kumuaga bibi yako, na najua umeichagua leo ili siku yako ya mwisho hapa Mukuju usiishinde na mimi. Vizuri. Nenda. Mume wangu yuko nje anaosha chupa na mimi nina karatasi.

Nimeandika "mume wangu" makusudi. Napenda kuyaandika maneno hayo. Nina miaka thelathini na saba, nimeolewa miezi miwili iliyopita, na kila nikipata kalamu naandika pembeni ya gazeti: Bi. Wandera, Bi. Wandera, kama msichana wa kidato cha pili. Ulinikuta siku moja ukasema, "Mama, hilo gazeti nilitaka kukatia ruwaza ya sketi." Basi nitayaandika tena na tena katika barua hii, na kama yanakuwasha macho, yaruke.

Kesho unakwenda Soroti kushona sare za shule. Sitakuambia ule nini wala ufunge mlango vipi. Tangu una miaka kumi wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha kuzima jiko. Cherehani unaijua kuliko mimi, watu unawajua, na pesa yako huwa hailali njaa. Mambo ya kila siku sina la kukufundisha, na hilo pia linaniudhi.

Nataka kulijibu lile neno.

Unalijua. Siku ya pili baada ya harusi, nimesimama jikoni na gomesi yangu mkononi, ile uliyonishonea wewe mwenyewe, mabega yamesimama kama ya malkia, hakuna mtu Tororo nzima aliyevaa gomesi kama ile. Nilitaka kukushukuru. Nikasema, "Nyaketcho mwanangu, mikono yako ina baraka." Wewe ukaendelea kuchambua mchele. Ukasema bila kuinua kichwa, "Mama, bia unaingojea wiki tatu. Mume hukumngojea hata miezi mitatu."

Ukaendelea kuchambua mchele!

Neno lile nimelibeba miezi miwili. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kanisani. Nimejaribu kukujibu mara nyingi na kila mara nakuta umeshaondoka chumbani. Sasa huwezi kuondoka. Keti, usome.

Unasema mimi sijui kungoja. Mimi! Baba yako nilimjua wiki sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, nikaona mwanamume mwenye shati jeupe na pikipiki nikafikiri dunia imefunguka. Hapo ndipo sikungoja, na kosa hilo silikatai, ingawa ndilo lililokuleta wewe. Lakini alipokwenda Juba na lori la saruji, wewe una miaka minne, nilimngoja miaka tisa. Miaka tisa, Nyaketcho. Nilikuwa nafunika sahani yake. Watu wakiniambia, "Adikini, yule ana watoto wawili huko," nawafukuza uani kwangu. Nilipoacha kufunika sahani nilikuwa na mvi tatu na hasira za kutosha kata nzima. Kwa hiyo usinifundishe kungoja. Nimewahi kukosea kwa kuwahi na nimewahi kukosea kwa kukawia, na kama unataka kujua lililoniumiza zaidi, ni la pili, kwa sababu la kwanza angalau lilikuwa na furaha ndani yake.

Halafu akaja Wandera.

Najua hutaki kusikia. Utasikia. Ilikuwa Jumamosi, nimetandaza kimea cha wimbi juu ya turubai, nawauzia wapishi wa pombe kama ninavyofanya tangu ulipokuwa ukinyonya. Akaja mtu mrefu kutoka Busia upande wa Kenya, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Akachukua punje chache, akazitafuna, akaniuliza, "Mama, kimea hiki kimeota siku ngapi kabla ya kuanikwa?"

Nyaketcho, nimeuza kimea miaka kumi na saba. Watu huniuliza bei. Huniuliza kama nitawaongeza kidogo juu. Hakuna aliyewahi kuniuliza siku. Nikamjibu, "Siku tatu." Akatoa daftari akaandika. Nikamwuliza, "Wewe ni polisi?" Akacheka, akasema hapana, alikuwa mtu wa maabara katika shule ya sekondari, amestaafu, mke wake alifariki, na sasa anatengeneza bia ya chupa nyumbani kwa sababu mikono imezoea kupima vitu. Moyo wangu ukafanya kitu ambacho haukufanya hata kwa ile pikipiki.

Jumamosi iliyofuata akaja na begi linalolia klingi klingi. Chupa mbili. Moja akaifungua mbele yangu, ikatoa povu jeupe, rangi kama asali ya msituni. Nyingine akaifungua, haikutoa povu. Akasema, "Hii ina wiki moja tu. Hii nyingine ina wiki tatu. Onja zote mbili, uniambie." Ile ya wiki moja ilikuwa tamu ya kijinga, kama uji uliotiwa sukari na mtoto, imelala, haina gesi, na mdomo unabaki na harufu ya hamira. Ile ya wiki tatu! Sijui niseme nini. Ilikuwa kavu, ina nguvu, inauma ulimi kidogo halafu inaomba msamaha. Nilikunywa mpaka nikafika mashapo ya chini na hata hayo nikayatazama kwa huruma. Nikamwuliza, "Umeongeza nini katika hii?" Akasema, "Siku."

Hapo nikampenda. Wewe unaita haraka. Mimi nakuambia nilikuwa nimeshangoja miaka kumi na saba mtu wa kuniuliza siku ngapi.

Sasa nikuambie jambo ambalo ungejua kama ungekaa nasi uani badala ya kwenda kushona kwa jirani kila anapofika "yule mzee wa chupa", kama ulivyombandika jina. Mume wangu hangoji kwa kuhesabu tu. Kila akijaza kreti, hutenga chupa tatu. Ya kwanza huifungua wiki ya kwanza, ya pili wiki ya pili, ya tatu wiki ya tatu, na kila mara huandika. Nimelisoma daftari lile kama watu wanavyosoma barua za mapenzi. "Wiki 1: tamu, gesi kidogo, bado. Wiki 2: gesi ipo, utamu umepungua, ladha zinagombana. Wiki 3: zimepatana." Na kuna ukurasa mmoja, wa mwezi wa baridi, alipokosea akaziacha chupa mahali pa baridi, ameandika, "Wiki 3: bado. Wiki 5: sasa." Na nyuma kabisa kuna chupa aliyoisahau mwaka mzima nyuma ya mlango: "Siki." Neno moja tu. Nilipolisoma lile neno nilifikiria zile sahani nilizokuwa nafunika.

Basi hilo ndilo jibu langu. Nilimwonja Wandera wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaendelea kumwonja kila Jumamosi, na nilipoona zimepatana nikasema ndiyo. Wewe ulihesabu miezi. Hukuonja kitu.

Nimesoma tena nilichoandika mpaka hapa. Ni kizuri. Ningeweza kukunja karatasi sasa hivi, nikaiweka katika begi lako, na ungeondoka umeshindwa. Ndivyo nilivyokusudia nilipoanza.

Lakini ipo siku ya harusi.

Hapa Mukuju, na kule Busia kwa shemeji zangu wote, inajulikana kwamba Nyaketcho binti Adikini aliwapa wageni bia mbichi ili amwaibishe baba yake wa kambo. Ndivyo inavyosemwa. Wifi yangu Nabwire, dada yake Wandera, ameisimulia mpaka sokoni Malaba. Mume wangu alinunua kufuli akaifunga stoo, na ufunguo akampa mkewe, si wewe, katika nyumba uliyozaliwa ndani yake. Ukawa ukitaka hata nyanya lazima uniombe mimi. Hukuniomba hata mara moja. Ulikuwa unanunua nyanya barabarani.

Sasa naandika ilivyokuwa. Sisi wawili tunajua, hakuna mwingine.

Tulikuwa na kreti tatu zilizotimiza wiki tatu. Tulitegemea watu arobaini, wakaja kama themanini, kwa sababu watu wakisikia bia ya chupa isiyonunuliwa hukumbuka undugu. Zile tatu zikaisha kabla ya saa tisa. Na wakwe walikuwa bado, wamecheleweshwa mpakani, gari zima la Wasamia, watu wa kwao Wandera, waliovaa vizuri. Walipofika, Wandera alikuwa mbele ya kanisa anapigwa picha pamoja na mchungaji. Nabwire akaketi, akatandika gomesi yake, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Haya, tumesikia habari za bia ya kaka yetu miezi yote. Iko wapi? Au huku kwenu mkwe hunyweshwa hadithi?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikakuvuta mkono mpaka nyuma ya nyumba. Nikakuambia, "Leta zile kreti mbili za karibu na mlango."

Wewe ukasema, "Mama, hizo bado. Ni siku ya tano."

Nikasema, "Pombe yetu ya kongo, siku ya tano si watu wanakunywa?"

Ukasema, "Kongo ni ya chungu, mama. Hizi ni za chupa. Mzee alisema."

Ndiyo, wewe, uliyekuwa hutaki kumsikia, ulikuwa umesikia alichosema. Mimi mkewe sikusikia. Maisha yangu yote nimeishi na pombe ya chungu. Kongo ikichemka siku ya nne unaialika kata, siku ya tano unaweka maji ya moto na mirija, siku ya saba imeshaharibika na aliyekawia amejikosea mwenyewe. Mikono yangu inajua hivyo. Na kichwa changu siku ile kilikuwa kimejaa maua. Nikakuambia, "Wewe binti, leo ni siku yangu, si yako. Leta."

Ukaleta.

Kwetu mwenye pombe ndiye huonja kwanza, mbele ya wageni, wajue hakuna kibaya ndani. Nikamimina glasi. Haikutoa hata povu la kufunika kucha. Nikaonja. Nyaketcho, nilijua. Ulimi uligusa tu nikajua: tamu ya kijinga, hamira, imelala. Ndiyo ile ile aliyonionjesha Wandera Jumamosi ya pili. Wakati ule ningeweza kuiweka chini, nikacheka, nikasema, "Wakwe zangu, nisameheni, hii bado ni mtoto, kunyweni chai." Wangenitania saa moja na ingekwisha. Badala yake nikatabasamu, kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye kamera. Nikasema, "Tamu!" Nikakuambia, "Mimina."

Nabwire akavuta mdomo mmoja akautema juu ya majani. "Hii ni nini? Uji wa kliniki?" Mwanamume mmoja wa kwao akasema, "Shemeji ametupa maji ya kusuuzia sufuria." Mwingine akasema, "Kunyweni tu, harusi ikiwa ndefu itaivia tumboni." Na iliwaivia kweli. Nabwire hakulala kwa kwenda na kurudi, na njia ya choo chetu unaijua ilivyo ndefu.

Wandera akaja akawakuta wanacheka. Akaichukua glasi, akaitazama kwenye mwanga kama anavyofanya, akanusa. Sikuwahi kuona uso wake vile. Maana si bia tu, ni ile kazi yote, kipimajoto, daftari, siku alizozihesabu, imemwagwa mbele ya dada yake anayemwona amepotea tangu alipostaafu. Akauliza polepole, "Nani amefungua hizi?"

Nilikuwa mke wa saa nne. Alikuwa amenifundisha kitu kimoja tu katika maisha yake yote, na kitu hicho kilikuwa siku. Nikaona akijua ni mimi, ataniona kama walivyokuwa wakiniona wengine: mwanamke wa kuuza kimea. Nikasema, "Ni Nyaketcho. Amechanganya kreti."

Wewe ulikuwa umesimama hapo na trei. Ulinitazama. Nilingoja useme, "Mama, ni wewe." Ungesema tu! Ningekana, tungegombana, ingejulikana. Uliweka trei chini taratibu, ukaanza kukusanya glasi. Na mimi nikakuchukia kwa jinsi ulivyokaa kimya vizuri.

Hiyo ndiyo hasira niliyoketi nayo hapa. Nimekuwa nikiiita hasira ya neno lako la jikoni. Neno lako la jikoni lilikuja siku mbili baadaye, na lilikuwa haki yako, ingawa bado nasema lilikuwa baya na ulilisema vibaya.

Kuna jambo jingine, kisha nisimame. Unakumbuka zile chupa zilizopasuka? Wiki ya tatu ya ndoa yangu nilitaka kumwonyesha mume wangu kwamba nami naweza. Nikajaza chupa sita peke yangu. Kwenye pipa bia bado ilikuwa inatoa mapovu, ilikuwa siku ya nne tu, mimi nikazifunga, na badala ya kijiko kimoja cha sukari kilichosawazishwa juu nikaweka vya mlima. Nikazificha chini ya kitanda chetu. Saa nane mchana tumejipumzisha, paa! Halafu paa, paa! Ukaja mbio na mwiko mkononi, unapiga kelele, "Mama, nani amepigwa risasi?" Ukatukuta juu ya kitanda tumekumbatiana kama kuku wanyeshewao, bia inatiririka chini, kipande cha chupa kimesimama kwenye mbao ya kitanda. Ukacheka. Ukacheka mpaka ukaketi mlangoni. Tangu harusi ni siku hiyo tu niliyokuona unacheka nyumbani humu.

Mume wangu hakunigombeza. Alifagia vioo, akaniuliza, "Adikini wangu, ulifunga siku ya ngapi?" Nikasema, "Ya nne." Naye akacheka mpaka akakosa pumzi. Katika daftari akaandika, "Kosa: siku 4, sukari nyingi. Hakuna aliyeumia." Basi. Hakunitazama kama mwuza kimea. Siku ile ile ningeweza kumwambia na la harusi. Kilichokuwa kikinitisha nilikiona hakipo. Bado sikumwambia. Kufuli ilikuwa mlangoni, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na nilikuwa nimezoea.

Ngoja. Nakwenda nje.

Nimerudi.

Nilimkuta na brashi ndani ya chupa, anaimba. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kutoka "Leta zile kreti mbili" mpaka "Amechanganya." Aliacha kuimba mahali fulani katikati. Nilipomaliza akasema, "Yeye alikuambia bado?"

"Alisema ni siku ya tano."

"Miezi miwili, Adikini."

"Miezi miwili."

"Na mimi nimemfungia mtoto stoo." Akarudia, "Nimemfungia mtoto stoo."

Nikasema, "Mume wangu..."

Akasema, "Usiniite sasa hivi."

Akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akafungua kufuli, akaja akaiweka hapa juu ya meza, juu ya karatasi hii. Ile alama ya duara ya kutu unayoiona hapo juu ni yake. Halafu amekwenda stoo, nasikia chupa. Hasemi na mimi. Nimemwuliza kama atakula, amenijibu kwa mgongo. Sijui atakaa kimya siku ngapi. Hilo daftari lake haliandiki. Nimeolewa miezi miwili na nimeshaanza kungoja tena, na safari hii nimejipikia mwenyewe. Usifurahi. Au furahi kidogo, unastahili, lakini usinionyeshe.

Jioni utakaporudi atakuambia mwenyewe alilo nalo. Mimi nimemwambia asubiri nimalize barua. Kuhusu Nabwire, Jumapili nitavuka mpaka nikamwambie mbele ya watu wake wote, na atanila nyama, najua, tangu viatu mpaka kilemba, na itasimuliwa Malaba. Hiyo ni yangu. Wewe usijitie.

Kitu kimoja zaidi, na hapa hasira zangu ni za kweli kabisa. Amekufungia chupa sita za safari, na ili zisigongane amezifunga kwa kitenge changu cha harusi. Kile cha njano! Hakuniuliza. Nimesimama nikamtazama anavyokikunja katikati ya chupa na chupa, kwa makini, kama anavyofanya kila kitu, na sikuthubutu kusema neno. Usikikate mashati ya watoto wa Soroti.

Zisimamishe wima ndani ya basi, zisipigwe na jua. Ukifika, ziweke mahali penye joto la kawaida, pasipo na mtu wa kuzipiga teke. Juu ya kila kizibo ameandika tarehe ya kujazwa. Nimehesabu kwa vidole kisha nikahesabu tena. Leo zina siku tano.

Kwa hiyo ukiwa na hasira na mimi huko, na utakuwa nazo, unaweza kufungua zote kesho, ukapate kile alichokitema wifi yangu. Au fungua moja wiki ijayo, moja wiki inayofuata, uonje, uone ziko wapi. Sitakuambia zimeiva lini. Ulikuwa unajua kabla yangu. Ulisema bado, na ilikuwa bado, nami nilikusikia vizuri sana.

Chupa za kahawia hazipatikani siku hizi, wenye baa wanazificha. Nazitaka zote sita, na kitenge changu. Usimpe dereva wala usimtume mtu. Zilete mwenyewe zikiwa tupu.

Mama Nyaketcho.

(Lile jina jingine nitaliandika mwenyewe atakapoanza kusema nami.)